Mita Mia Nane za Binti wa Shao

Kwa miaka miwili na nusu nilikuwa mgonjwa bila kuumwa. Kila kipindi changu cha michezo kikifika, Shao Guoping wa hisabati anaingia darasani na chaki zake: "Mwalimu Miao anaumwa leo. Toeni vitabu." Mimi niko uwanjani, mzima wa afya, filimbi shingoni! Wanafunzi wakinikuta kwenye ngazi wananitania, "Mwalimu, umepona? Mbona unaumwa kila Jumatano?" Nilimshtaki Shao kwa mkuu wa shule, naye akacheka. Miguu haiingii chuo kikuu, alisema.

Kisha mkoa ukapandisha alama za mbio katika mtihani wa kumaliza darasa la tisa. Loo! Nilifurahi hadi nikashindwa kula. Maana binti yake Shao, Yitong, wa kwanza shuleni kwa hisabati, alikuwa hawezi kupanda ghorofa ya nne bila kushika ukuta. Mita mia nane alizimaliza kwa dakika tatu na sekunde arobaini na tisa. Alama zote zilitaka tatu na ishirini na nne, na bila alama hizo sekondari ya mjini angeisikia tu.

Zikiwa zimebaki wiki tisa, Shao akaja mlangoni kwangu na makopo mawili ya chai.

"Mwalimu Miao, nimesikia una kundi la alfajiri. Mpokee Yitong."

"Limejaa."

"Dada yangu, mtoto mmoja tu."

"Leo nimekuwa dada? Si nilikuwa mgonjwa?" Nikamrudishia chai yake. "Jumatatu, bendera ikishapandishwa, shika kipaza sauti. Waambie wanafunzi wote kwamba sikuwahi kuumwa, ulikuwa unasema uongo. Yitong ataanza siku hiyohiyo."

"Mbele ya wanafunzi wangu? Thubutu!"

"Basi mkimbize mwenyewe."

Akamkimbiza kweli, eti kwa saa ya mkononi na daftari la hesabu. Mtoto akatapika mzunguko wa pili. Mimi nilikuwa ng'ambo ya uwanja na kundi langu, nikamwona ameinama, baba yake anampigapiga mgongoni, na sikusogea. Ningedanganya nikisema niliumia. Akome, nilisema moyoni, na nikapuliza filimbi.

Jumatatu ya kwanza Shao akapita bila kuniangalia. Ya pili vilevile. Mapafu hayafundishwi kwa kukesha usiku mmoja kama kanuni za hisabati, hilo nililijua kuliko mtu yeyote shuleni, na bado nilikuwa nasubiri.

Wiki ya tatu maji yakamfika shingoni. Akashika kipaza sauti, akasema yote. Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Na Mwalimu Shao je, mgonjwa?" mmoja akapiga kelele. Nilikula mikate minne ya mvuke asubuhi ile, tena kwa madaha.

Yitong akaanza siku hiyohiyo. Hakulalamika hata mara moja. Alikuwa analala vizuri, alisema, na hesabu alizokuwa akihangaika nazo usiku zilikuwa zinamjia akikimbia. Nikaanza kumpenda, shauri yangu.

Siku ya mtihani alimaliza kwa dakika tatu na sekunde thelathini na moja. Zikakatwa alama mbili. Mwezi wa saba matokeo yakatoka: hisabati amepata zote, na sekondari ya mjini ameikosa kwa alama moja.

Alikuja uwanjani kuniaga, peke yake. Nilidhani atalia.

"Mwalimu, kila wiki nilikuwa napunguza sekunde tatu," alisema. "Ulinifundisha wiki sita. Ningeanza siku ile baba alipokuja na chai, ningemaliza kwa tatu na ishirini na mbili."

Nilipiga hesabu ile kichwani, nikairudia. Ilikuwa sahihi, na nikamwambia hivyo.

"Asante, Mwalimu," alisema, akainamisha kichwa kwa heshima, akaenda zake.