Kasha Alilolichagua Mama Rose

Jina la Zuhra liliingia nyumbani kwa Helena kabla ya kompyuta yenyewe. Liliingia asubuhi moja wakati wa chai, likakaa mezani, na tangu siku hiyo halikuondoka. Zuhra amesema bodi hii ni nzuri. Zuhra amesema ramu tununue mbili. Zuhra amesema tusiwe na haraka. Helena alikuwa mwalimu wa darasa la nne pale Lulindi, mwanamke asiyependa kurudia swali, na akawa anamimina chai huku akijiuliza huyo Zuhra amesema nini kuhusu mihogo, maana mihogo ilikuwa inapoa na mwanamume hali.

Mwanamume mwenyewe ni Benedikto, mumewe, mwalimu wa kwaya ya kanisa. Kwa miaka miwili alikuwa akirekodi kwaya kwa simu, na katika kila wimbo jogoo wa jirani alipata sehemu yake ya kuimba. Mwishowe akaamua kujiundia kompyuta ya kurekodia, kipande kimoja baada ya kingine, kila korosho zilipouzwa. Vipande, yaani ile bodi, ramu na vinginevyo, vilikuwa vimelala chini ya kitanda ndani ya maboksi manne. Kilibaki kitu kimoja tu, kasha la kuvivalisha.

Helena hakuwa na wivu wa kijinga. Hivyo ndivyo alivyojiambia, tena mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Benedikto hakuwa mtu wa kukodolea wanawake macho. Ila alikuwa akipiga simu Newala, dukani kwa huyo Zuhra muuza vipuri vya kompyuta, na kucheka. Alicheka kile kicheko chake cha tumboni ambacho Helena alikijua tangu siku za uchumba, na ukimuuliza anacheka nini, anakuambia ni feni. Watu wawili wazima wanachekeshwaje na feni? Hapo ndipo palipomchoma roho. Ndani ya mume wake kulikuwa na chumba ambacho yeye hakuwa na ufunguo wake, na kuna mwanamke wa Newala aliyekuwa akiingia humo bila hata kupiga hodi.

Mwezi wa tano akasimama kidete. "Kasha tutakwenda kuchagua wote."

"Vizuri sana," Benedikto akasema, tena kwa furaha, jambo lililomwudhi Helena zaidi.

Kwanza akamburuta hadi Masasi mjini, kwa mzee mmoja muuza kompyuta zilizotumika, kwa sababu yule alikuwa mzee na alikuwa mwanamume. Mzee alikuwa na makasha mawili. Benedikto akaipima bodi yake kwenye la kwanza, ikabaki nje vidole viwili. Kwenye la pili, vidole vitatu. Helena akashauri waisukumesukume kidogo. Mzee akamtazama kwa huruma, kisha akasema mwenye makasha ya maana ni yule mama wa Newala.

Wakapanda Newala.

Njiani Helena alijiandaa kukutana na binti wa kucha ndefu. Alimkuta mwanamke wa rika lake kasoro miaka michache, kajitanda kanga iliyopauka, bisibisi kaichomeka nyuma ya sikio kama seremala na penseli yake. Hilo lilikuwa baya zaidi. Mwanamke wa kujipamba Helena angemmudu. Huyu hakuwa amejipamba, na bado Benedikto alikuwa amesimama mbele yake akitabasamu, boksi la bodi mikononi.

"Shikamoo, Mama Rose. Karibuni," Zuhra akasema.

"Marahaba," Helena akajibu kwa ncha ya ulimi. Kumbe hata jina la mwanangu analijua.

Zuhra akaweka makasha mawili juu ya meza. La kwanza lilikuwa la bati jeusi, limefungwa mbele, halina hata urembo. La pili lilikuwa na ubavu wa kioo, uso wa wavu, na feni tatu za kuwaka taa za kijani na zambarau. Bodi iliingia kwenye yote mawili, ikabaki na nafasi ya kupumua.

"Mimi kwenu nawashauri hili la bati," Zuhra akasema. Akavuta kitu chini ya kasha kama mtu anayevuta droo, kikatoka kitambaa chembamba kwenye fremu. "Hili ni chujio. Mbele kuna lingine. Unalitoa, unaliosha, unalirudisha. Lulindi mna mikorosho, na mwezi ujao mtaanza kupuliza unga wa salfa. Lile la kioo ni zuri kulitazama, lakini mdomo uko wazi. Litakunywa kila kitu."

Maneno ya akili kabisa. Helena alijua kuwa ni ya akili, na ndiyo sababu hakuweza kuyavumilia.

"Tunachukua la kioo."

"Mama Rose, salfa..."

"Napenda kuona ndani," Helena akasema, akimtazama Zuhra usoni bila kupepesa. "Sipendi mambo ya kufichaficha."

Zuhra akanyanyua nyusi, akamgeukia Benedikto. Benedikto akalitazama kasha la bati, akamtazama mkewe.

"Mke wangu kachagua," akasema. "Fungasha."

Kurudi, Helena alilipakata kasha lile hadi Lulindi, kavimba kifua kama mtu aliyeshinda kombe.

Mwezi wa sita ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia kwenye maua ya mikorosho, na kama kila mwaka watu wakaamka alfajiri kupuliza salfa umande ukiwa bado majanini. Benedikto alibeba mashine ya kupulizia mgongoni, Helena akimjazia unga. Walirudi wa njano kuanzia nywele hadi kandambili. Kisha Benedikto anakwenda kuoga, na Helena, kabla ya kuoga, kabla hata ya kunawa, anakwenda kwenye kompyuta, iliyokwisha kuundwa na kuwekwa katika chumba cha Benedikto cha kurekodia.

Alikuwa na dakika kumi. Benedikto alikuwa ameiunganisha wasapu ya simu yake na kompyuta hiyo, na haikuwa na neno la siri. Helena akawa anaketi hapo na nguo zake za salfa, taa za kijani na zambarau zikimmulika, anapekua. Alichokipata kutoka kwa Zuhra ni hiki: *Feni ya mbele ivute, ya nyuma itoe.* Akakisoma mara tatu. Ivute nini? Itoe nini? Siku nyingine: *Ikipata joto sana iache ipumzike.* Damu ikamchemka, akapiga ngumi mezani, unga wa njano ukaruka, ukaelea kidogo mbele ya ule wavu, ukavutwa ndani wote. Hakuuona. Macho yake yalikuwa kwenye jina la Zuhra.

Kila asubuhi alisoma, hakukuta kitu, na kila asubuhi kule kutokukuta kitu kukawa ushahidi kwamba wanajua kuficha.

Mwezi wa nane, siku kumi kabla kwaya haijarekodi nyimbo za sikukuu ya kanisa, mashine ikakataa kuwaka. Feni zilizunguka, taa zikawaka, skrini ikabaki giza. Benedikto alihangaika nayo kutwa, kisha akaifunika kwa kitenge.

"Ipeleke Newala," Helena akasema. Alishangaa kujisikia akisema hivyo.

"Siendi." Hakusema kwa hasira. "Nikienda Newala utanuna mwezi mzima. Tutarekodi kwa simu. Jogoo wanakwaya wanamjua tayari."

Akatoka kwenda kwenye mazoezi. Helena akabaki na ile mashine iliyovishwa kitenge, na kwa mara ya kwanza ushindi wake haukuwa na ladha. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Akaifunga kwenye shuka, akapanda nayo Newala peke yake.

Zuhra hakuuliza maswali. Alifungua ubavu wa kioo, akapitisha kidole kwenye feni, kikatoka cha njano. Akachomoa ramu moja, akamwonyesha meno ya shaba ya ukingoni mwa ramu hiyo, ambayo yalitakiwa kung'aa. Yalikuwa meusi.

"Salfa haipatani na shaba," akasema. "Wala na fedha. Tazama pete yako."

Helena akaitazama. Pete yake ya ndoa ilikuwa ya fedha, na kama kila msimu ilikuwa imekuwa nyeusi ti. Mwanamke gani wa mikorosho asiyejua hilo? Mama yake alikuwa akiivua yake na kuifunga kwenye leso hadi mapulizo yaishe. Helena mwaka huu hakuivua. Hakutaka hata siku moja kidole kiwe kitupu.

"Una kifutio cha penseli?" Zuhra akauliza. "Changu kimeisha."

Mwalimu hakosi kifutio. Helena akakitoa kwenye mkoba, Zuhra akampa ramu ya pili, wakakaa wakisugua, kila mmoja na yake, kifutio kikikatwa vipande viwili. Weusi ukaanza kutoka.

"Mama Rose," Zuhra akasema bila kuinua macho, "mumeo alinipigia mwezi wa saba. Aliniuliza namna ya kufuta alama za vidole vya salfa kwenye kibodi."

Helena akavitazama vidole vyake.

"Nikamwambia, mwambie mwenye vidole aoge kwanza. Akasema hapana, nikimwambia atajua nimejua, ataona aibu, hataketi tena pale." Zuhra akapuliza unga wa kifutio. "Akasema, mwache tu. Angalau anaingia chumbani mwangu."

Helena alitaka meza immeze. Kumbe kila asubuhi, wakati yeye akioga, Benedikto alikuwa akizifuta alama zake kimya kimya. Hakukuwa na ufunguo wa kutafuta. Mlango ulikuwa wazi muda wote, na yeye ndiye aliyeingia na salfa mikononi.

"Mimi nitakuambia kweli," Zuhra akaendelea. "Siku ile uliposema la kioo, naye akasema fungasha, nilikuonea wivu, hadi nikakosea kufunga boksi. Baba Ashiru, mume wangu, hajawahi kuniuliza hata rangi ya pazia."

Wivu Helena aliubeba tangu Lulindi, akiamini ni mzigo wake peke yake.

Mashine ikawaka. Zuhra akalishusha lile kasha la bati kutoka rafu ya juu, likiwa na vumbi lake, akaliweka kando ya la kioo. "La kioo niachie, nitampa mtu wa mjini asiye na mikorosho. Lakini uchague mwenyewe."

"Mama Ashiru," Helena akasema, na hilo jina lilitoka kwa taabu kidogo, "ungekuwa wewe ungechukua lipi?"

Jioni Benedikto alirudi kutoka mazoezini akakuta kasha jeusi mezani, linanguruma taratibu, na mkewe kaketi mbele yake, kaoga, pete inang'aa. Alisimama mlangoni.

"Ulikwenda Newala?"

"Nilikwenda."

Helena akavuta kiti cha pili kando ya chake, akakipigapiga ili mumewe aketi. Wivu ulikuwa bado upo, hakujidanganya. Ulikuwa umekaa pembeni tu, umenyamaza. Akanyoosha kidole mbele ya mashine.

"Baba Rose, hebu nieleze. Feni ya huku mbele inavuta au inatoa?"

Benedikto akamtazama, akalitazama kasha. Kisha akacheka, kile kicheko cha tumboni, hadi akalazimika kuketi.