Tangazo la Saa Kumi na Mbili

Patrice alikuwa na pesa ya tangazo moja tu, na alilichagua kwa moyo, si kwa akili. Tuseme hivyo mapema, mtu asije akailaumu redio.

Alikuwa fundi wa vyerehani huko Mangobo, tena fundi hodari, lakini wateja walikuwa wamepungua hata siku nzima ikapita ameshika kitambaa cha kufutia mafuta na hana cha kufuta. Miaka miwili nyuma mke wake, Falonne, alichoka na sufuria tupu akarudi kwa wazazi wake Yanonge, mbali kando ya mto. Hakuondoka kwa matusi. Alisema, "Siku kazi yako itatulisha, unijulishe." Simu yake ilikoma kupatikana mwaka uliofuata, lakini Patrice aliyashika maneno yale kama hati ya serikali. Kila skrubu aliyoikaza, aliikaza ili Falonne arudi.

Mwezi wa nane, kabla ya shule kufunguliwa, washonaji wote huwa mbioni na sare. Ndio wakati wa fundi kujitangaza. Simone, mshonaji wa mlango wa pili, alimshauri bila kuombwa.

"Papa Patrice, sikia. Bateja yako ni siye, bashonaji ya hapa. Chukua mutu wa toleka, umupe mégaphone, azunguke na baiskeli yake mu soko siku mbili. Ao weka calicot hapa ku barabara, kitambaa na rangi, basi. Radio ni ya nini? Batu ya Isangi batakuletea mashini na mutumbwi?"

"Radio inafika mbali."

"Mbali wapi?"

Patrice akageukia upande wa Yanonge. Simone akamtazama, akaelewa, akarudi kwenye kazi yake.

Redioni, nafasi ya bei nafuu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Mjini hapa hakuna asiyejua saa hiyo ni ya nini. Ni saa ya vifo: fulani ametutoka, matanga yako mahali fulani, ndugu wa Yanonge na Isangi wajulishwe. Patrice naye alijua, asijifanye. Lakini alijua pia kuwa ndiyo saa ambayo Yanonge nzima hunyamaza na kutega sikio, mtu asipitwe na msiba wake. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Papa Patrice, fundi wa vyerehani, Mangobo, avenue ya tano, anatengeneza mashine za kila aina. Mke wake Falonne, kule Yanonge, ajulishwe."

Kesho yake msomaji alisoma vifo sita, kisha bila kupumua, kwa sauti ileile na muziki uleule wa kilio, akamsoma Patrice. Watu walikuwa nusu usingizini. Walishika jina, mtaa, na mke ajulishwe. Nani angengoja zaidi?

Chai haijachemka, mwombolezaji wa kwanza alifika na kiti chake kichwani. Mpaka saa mbili walikuwa wameshajaa uani, wengi wao washonaji, na mama mmoja aliyemkuta fundi ameshika kikombe alipiga yowe.

"Papa, uko muzima? Donc nimelia bure njia yote?"

Walicheka mpaka wakajifuta machozi upya. Na kwa kuwa walikuwa wameshakumbuka kuwa Patrice yupo duniani, siku ya pili walirudi na vyerehani vyao vibovu. Vilipanga foleni hadi mlangoni kwa Simone.

Patrice alifanya kazi macho yakiwa barabarani. Ikiwa hata watu aliowatengenezea mara moja tu wamekuja kumlilia, Falonne atakosaje? Atakuja amevimba macho, atamkuta mzima, atamchapa kwa kandambili mbele za watu, na mambo yatakwisha. Alifagia chumba. Alinunua sukari. Alikuwa na furaha, maskini, furaha ya kweli.

Siku ya tatu alikuja Malika, anayeleta samaki wa kukaushwa kutoka Yanonge. Alipomwona fundi, kifurushi kilimponyoka.

"Njo weye, Papa Patrice? Uko muzima?"

"Ni miye. Falonne iko wapi?"

Malika alikaa kwanza. "Alisikia. Tulikuwa naye ku jiko. Aliingia mu nyumba, akatoka na hii. Alisema bakufunike nayo."

Ilikuwa shuka nyeupe ya ndoa yao. Falonne mwenyewe ndiye aliyeitia pindo la uzi wa buluu, kwa cherehani cha kwanza Patrice alichomtengenezea.

"Hakusema atakuja?"

"Nilimuuliza. Alisema: nilimulilia wakati alikuwa muzima, sasa machozi ilisha."

Patrice aliikunjua, akaikunja, akaikunjua tena. Moyo wake ulivunjika pale pale, mbele ya foleni ya vyerehani aliyokuwa ameiomba kwa Mungu miaka miwili.

Waombolezaji wa mbali hawakukoma. Asubuhi ya nne bado walikuja na viti, na Simone akasema lazima ipatikane calicot. Pesa ya vyerehani vile ilikuwa bado haijalipwa, lakini kitambaa kipo, tena kipana. Simone alikataa kuigusa shuka. Patrice akachukua brashi mwenyewe, akaandika: PATRICE NI MZIMA. ANATENGENEZA VYEREHANI. Aliitundika juu ya mlango. Watu waliisoma, wakacheka, wakaingia, na Mangobo yote haikuwa na tangazo lililoleta wateja kama lile.

Malika alipita kuaga kabla ya kupanda mtumbwi. Alisimama chini ya yale maandishi, akayatazama muda mrefu.

"Sasa Falonne nimuambie nini? Kwamba uko muzima?"

Kazi ilikuwa inalisha. Ndicho kitu ambacho Falonne alitaka ajulishwe, na Patrice alifungua mdomo kukisema. Kisha akaliona lile pindo la buluu.

"Umuambie balinifunika, na shuka ilinitosha," akasema, akarudi kwenye cherehani.