Mfuko wa Saba

Jiwe lilikaa juu ya meza, namba saba ya rangi nyeupe ikimkodolea Kipkirui kama jicho lisilopepesa.

"Mzee, mfuko wa saba, lilimotoka jiwe hili, uliujaza wewe?" Lynn, mgeni kutoka chuo kikuu, aliuliza.

Kipkirui aligeukia mashamba ya chai yaliyoteremka bondeni. Miaka tisa iliyopita alikuwa kibarua wa Profesa Irungu kwenye majabali ya pwani, wakipanga matabaka ya mawe ya kale, lililotangulia na lililofuata, na kuyapa majina. La chini kabisa, la saba, ndilo la kale kuliko yote, na lilifikika maji yakipwa tu. Sasa wataalamu walisema jiwe la saba lina makombe ya viumbe wa bahari wa zama za karibuni kuliko jabali lililo juu yake. Jina la tabaka lingefutwa, na heshima ya Irungu iende nalo.

"Muulize mwenyewe. Wakubwa huwa hawakosei. Mimi niliishia darasa la tatu."

"Anaumwa. Anasema alikuamini."

Neno hilo lilimchoma kuliko tusi. Kila mtu hapa kijijini alijua kwamba Edinah, mkewe, alikufa akimngoja kwa sababu mkubwa huyo alimnyima ruhusa. Kipkirui aliisimulia hadi kanisani, na huruma ya watu akaila kama haki yake.

Akaikumbuka asubuhi ile: simu ya Janefer, dada ya Edinah aliyekuwa akimuuguza, ikimwita aje upesi, kisha kamba ya kushukia jabali kiunoni. Hakushuka hadi chini. Aliokota mawe yaliyoporomoka toka juu, akajaza mfuko, kama mchumaji anayeficha majani makavu chini ya kikapu na kutandaza machanga juu, karani wa mizani asione.

"Sikushuka," alisema. "Niliokota yaliyoanguka."

Kalamu ya Lynn ilisimama. "Kwa nini, mzee?"

"Hasira. Mke wangu alikuwa hospitalini."

"Na profesa akakukatalia kwenda?"

Hapo ulimi wake ulikuwa na njia yake, iliyolainika kwa kupitwa. Akainua macho. Janefer alikuwa mlangoni, birika mkononi.

"Sikumwomba," Kipkirui alisema. "Niliogopa ataweka mwingine mahali pangu."

Kuku walichakura uani. Janefer alikuja hadi mezani, hakumtazama.

"Shemeji, kwa simu uliniambia umekatazwa," alisema. "Nami nikamwambia dada hivyo hivyo. Akasema, basi tusimlaumu mume wangu."

Akammiminia mgeni chai, akajimiminia na yeye, kisha akarudi jikoni na birika.