Mpira wa Nyuma wa Nassor

Pikipiki ya mume wangu Nassor ilikuwa kubwa kuliko zote za kijiji chetu cha Ole. Ami yake aliyeko Maskati ndiye aliyemletea. Ilikuwa pikipiki ya watu wa safari ndefu, ina masanduku mawili ubavuni, na ikianguka huinuliwa na watu watatu. Ila yake ilikuwa moja tu: ilikula mpira wa nyuma. Fundi Matano alisema mpira mmoja utatimiza mwaka na zaidi. Kwetu, miezi mitatu ulikuwa kipara, na mwengine mpaka uagizwe Unguja uje na boti.

Nikaanza kuhesabu safari. Nassor alipeleka mihogo Wete, na kila Jumatano alimchukua mama yake, Bi Mwanapili, kutoka Kiuyu kwenda hospitali kufanyishwa mazoezi ya mgongo. Basi. Safari hizo hazimalizi mipira mitatu kwa miezi tisa. Jirani yangu Siti alinisaidia kuhesabu siku tuliyokuwa tukianika karafuu.

"Shoga, mdomo wa mwanamme hudanganya, mpira haudanganyi. Huyo ana mji mwengine."

"Wapi?"

"Mie nijue? Fuata alama zake njiani!" Akacheka mpaka akajishika mbavu. Mimi sikucheka.

Siku ya Ijumaa nilimuuliza Nassor mipira hiyo anaimalizia wapi.

"Njia hiyo hiyo, Shamima. Hata mie sielewi."

Nikaliona ni jibu la mtu aliyebanwa. Nikamnunia. Chakula nilimwekea, maji ya kuoga nilimpelekea, neno sikumpa. Jumanne yake alipanda mkarafuu, tawi likamvunjikia. Hospitali hakufika hai.

Kabla ya jeneza kutoka, shehe alisimama mlangoni akaniuliza kama nimemsamehe mume wangu. Nikajibu nimemsamehe, na watu wote wakasikia. Moyo wangu haukusema hivyo.

Nikakaa eda. Bi Mwanapili alihamia kwangu, tukalala chumba kimoja. Kila alipomwombea mwanawe, niliitikia amin huku namfikiri yule mwanamke wa mji mwengine. Hata sura nilikuwa nimeshampa, na jina.

Mwezi wa pili wa eda akaja Matano. Alikaa barazani, sisi tukiwa ndani nyuma ya pazia. Baada ya kutupa pole alisema amekuja na mpira wa mwisho aliomvulia marehemu, maana kuna jambo limemkera.

"Bi Mwanapili, mpira uliokwenda mwendo mrefu hulika katikati. Huu katikati meno yake yapo, mazima. Umelika mabegani, kulia na kushoto. Haukwenda mbali huu. Umekwenda na upepo mdogo, na mzigo juu."

"Upepo mdogo ndo nini?"

"Mpira laini, mama. Pikipiki yenyewe nzito, juu yake magunia ya mihogo, lami ina moto. Mpira laini hujikunja, hupata moto, unalika. Nami nilikuwa nikimjazia! Akirudi, laini. Nikadhani valvu inavuja, nikabadilisha mbili. Nimebadilisha valvu nzima, wallahi, mie fundi wa miaka ishirini."

Bi Mwanapili akasema, polepole, "Nkimwambia mie."

"Ulimwambia nini, mama?" nikauliza.

"Anitolee upepo. Ile njia ya mawe ya kwetu ikinipiga mgongo, nalia. Akishuka akiutoa kidogo, tukenda kama tumekaa godoroni. Kila Jumatano."

"Na akishakupeleka haujazi tena?" Matano akauliza.

"Alisema mpira laini haupigwi na mawe, kwa hivyo hudumu."

"Lahaula," akasema Matano. "Anapakia mihogo wiki nzima juu yake!"

Bi Mwanapili akaanza kulia, akisema amemlia mwanawe mipira yake, na mwanawe hakuwahi kumlalamikia. Nikamshika mikono. Kumnyamazia nikaona ni dhambi ya pili, nikamwambia yote: hesabu zangu, maneno ya Siti, siku zile nne nilizomnunia Nassor, na jawabu nililompa shehe.

Bi Mwanapili akajifuta machozi.

"Jumatatu ile, siku moja kabla ya kuanguka, alikuja kunitazama," akasema. "Hakula. Akanambia, mama, Shamima hasemi nami, na sijui nimemkosea nini."

Sijapata kusikia maneno mazito kuliko hayo. Nikasema kwa sauti, Matano akiwa barazani anasikia, kwamba nimemsamehe Nassor, na kwamba hapakuwa na la kusamehe. Lakini mwenye kudai alikuwa yeye, naye hayupo. Nikapiga magoti mbele ya mama yake nikamtaka radhi yeye.

"Kwa niaba yake siwezi," akasema. "Hiyo muombe Mola. Yangu nakupa." Akanivuta, kichwa changu akakiweka mapajani pake, nasi tukalia pamoja mpaka Matano akaaga taratibu akaondoka.