Kibao cha Shingoni

Kamba ya katani ilikuwa imeshamchubua Bibiana shingo. Kwenye kamba hiyo kulining'inia kibao kilichoandikwa kwa Kiingereza kwamba anayekivaa ni mjinga. Alivishwa asubuhi, na kosa lake lilikuwa kumwamkia mpishi: "Shikamoo, mama." Sasa angefanyaje jamani? Ampite mtu mzima kama anapita gogo?

Sheria ya shule ile ya kata, nje kidogo ya mji wa Kilosa, ilikuwa fupi. Ukivishwa kibao, umvizie mwenzako akiteleza kwa Kiswahili, umvishe yeye. Ukifika nacho paredi ya jioni, unarudishwa nyumbani. Bibiana alisharudishwa mara moja, na baba yake kule Lumuma alimwambia wazi: "Ukija tena na habari za kibao, shule basi. Vitunguu vinataka mikono."

Na huyo ndiye aliyeongoza darasa la saba! Alikuwa anaeleza kwa Kiswahili jinsi jani linavyojitengenezea chakula, mpaka wenzake wanampigia makofi. Hapa kidato cha kwanza jani ni lilelile, lakini linafundishwa kwa Kiingereza. Ananakili ubaoni herufi kwa herufi, haelewi kitu, na roho inamuuma.

Kutwa nzima alizunguka. Kila kundi alilolisogelea lilinyamaza. Hata Salome, waliyelala naye kitanda kimoja bwenini, alimtazama tu kwa huruma.

Jioni, kabla ya paredi, ilikuwa zamu yao wawili kuteremsha sufuria la maharage. Kitambaa cha kushikia kilichanika. Maharage yakammwagikia Salome kuanzia shingoni mpaka kifuani.

"Mama weee! Naungua! Bibiana, nakufa!"

Mwalimu Nickson alikuja mbio, akauliza kwa Kiingereza kuna nini.

"Naungua, mwalimu!"

"Kwa Kiingereza, Salome," alisema, kwa mazoea tu. Kisha akakiona kibao. Akamgeukia Bibiana na kuuliza kwa Kiingereza, polepole ili aelewe: "Umemsikia, au hukumsikia?"

Kengele ya paredi ikalia. Bibiana aliviona vitunguu, matuta kwa matuta, mpaka uzeeni. Alikivua kibao, akamvisha Salome.

Kamba ilinasa kwenye ngozi iliyobabuka. Salome aliacha kulia, akamkodolea macho.

"Vizuri sana," alisema mwalimu kwa Kiingereza. Hilo Bibiana alilielewa.

Pikipiki ililetwa. Salome alipakiwa kupelekwa hospitali, kibao kingali shingoni, kikimgonga kwenye kidonda. Hakuna aliyethubutu kukitoa, kwa kuwa sheria inataka kwanza apatikane mwingine wa kuvishwa. Bibiana alitaka kumwambia pole. Neno hilo alilijua kwa Kiswahili tu, na mwalimu alikuwa amesimama palepale.