Taratibu na Jeki ya Kampuni

Jumamosi ya sita baada ya mazishi, saa kumi alasiri, mjane alikuwa uani akianua nguo aliposikia kabari za mti zikigongwa chini ya gurudumu. Hakuwa na haja ya kugeuka. Katika miaka kumi na mitatu ya ndoa alikuwa ameisikia sauti hiyo kila Jumamosi. Alikunja shuka aliyokuwa ameishika, akaiweka kwenye beseni, ndipo akageuka. Mumewe alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari la shemeji, amevaa ovaroli ya kazi, ile ambayo hospitali haikuirudisha.

Shemeji, mdogo wake marehemu, alikuwa amekuja kuwajulia hali na alikuwa sebuleni akinywa chai. Mjane alimwita. Shemeji akasimama mlangoni na kikombe mkononi, akatazama, akasema ni kweli, oili ya gari lile ilikuwa imepitiliza muda wake. Galoni mpya iko kwenye buti, akaongeza, akaenda kuitoa.

Marehemu alikuwa dereva wa kampuni. Madereva wenzake walimpachika jina la Taratibu, kwa sababu hakuwahi kufanya jambo kwa pupa, na kifo hakikuwa kimembadilisha. Alihakikisha gari limekaa juu ya zege tambarare, si juu ya udongo. Akavuta breki ya mkono, akaingiza gia ya kwanza. Akazisukuma kabari kwa kisigino kuona kama zimeshika. Akalala kifudifudi akitafuta chuma kinene chini ya gari, mahali ambapo jeki inapaswa kukaa. Jeki alikuja nayo mwenyewe: ile ile nyekundu ya kampuni, inayovuja mafuta shingoni. Akaipiga pole pole mpaka gari likainuka mbele.

Kisha akanyoosha mkono wa kulia pembeni bila kutazama, kama mtu anayejua alipoweka kitu chake. Mkono ukapapasa zege, ukaenda mbele, ukarudi nyuma. Haukukuta kitu. Akaitazama jeki kwa muda. Akajilaza chali, akaingia chini.

Baada ya dakika ishirini jeki ilikata pumzi na gari likashuka kwa kishindo. Chini yake hapakuwa na mtu. Oili chafu ilikuwa kwenye dumu, mfuniko umekazwa. Shemeji aliwasha gari, akasikiliza, akasema limetulia kuliko lilipotoka dukani.

Mkono ule ulikuwa ukitafuta stendi, na mjane alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa barua za kuziomba aliziandika yeye kwa hati yake nzuri, mumewe akimtajia maneno. Zamani kampuni ilikuwa na karakana yenye shimo la kufanyia kazi chini ya magari. Karakana ikageuzwa bohari ya viti vya ofisi, madereva wakaambiwa huduma ndogo ndogo wakazifanyie uani, kwenye nyumba za kampuni wanazoishi. Taratibu akaandika kuomba stendi mbili za chuma za kulikalisha gari likishainuliwa, kwani jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Akajibiwa kuwa ombi linafanyiwa kazi. Akaandika tena, akataja kwamba jeki inavuja. Akajibiwa vile vile. Jeki iliposhuka na gari likamuua, ripoti ilikuwa na mstari mmoja tu: uzembe wa mhusika. Kwa mstari huo mjane na binti yake walitakiwa kuhama. Ingeandikwa kwamba amefia kazini, wangekaa mpaka binti amalize shule.

Mjane alikwenda ofisini na nakala za barua. Mkuu wa Magari alikuwa mtu mpole. Alimvutia kiti mwenyewe, akazisoma barua zote mbili bila kuruka neno. Kisha akamweleza, kwa masikitiko, kwamba barua hizo zinathibitisha kuwa marehemu aliijua hatari, na anayeijua hatari akaiingia ndiye hasa anayeitwa mzembe. Mjane akamwambia marehemu huja kila Jumamosi saa kumi, basi na aje ajionee. Mkuu wa Magari alifungua shajara yake na kusema Jumamosi hiyo ana harusi, ila ile inayofuata ana nafasi.

Alikuja kwa wakati, na karatasi kwenye ubao wa kuandikia. Kila hatua aliyoifanya marehemu, yeye aliitia alama ya vema. Mkono ulipopapasa zege, kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaandika kitu.

"Umeona, mzee?" mjane akauliza.

"Nimeona, mama."

"Amekosea wapi?"

Mkuu wa Magari aliipitia karatasi yake kuanzia juu mpaka chini. "Mpaka hapo hajakosea. Kosa lake ni kuingia."

"Na angekataa kuingia?"

"Kukataa kazi ni kosa jingine, mama. Lina fomu yake."

Gari liliposhuka kwa kishindo, alisubiri vumbi litulie, akaaga kwa adabu.

Wiki mbili baadaye kampuni ilileta mabenchi na madereva wanane. Mkuu wa Magari alisimama na kijiti akiwaonyesha: hapa breki ya mkono, hapa kabari, hapa pa kuweka jeki. Mkono ulipopapasa alisema, hapa ndipo mwenzenu alipopotea. Madereva wakaandika. Mmoja wao, aliyekuwa amekula sahani moja na Taratibu kwa miaka, alifunga daftari lake na kutazama ukuta mpaka mwisho. Kwa kuwa marehemu hakubagua magari, kampuni ikaanza kuleta yake, mawili mawili, na yote yalitoka yamehudumiwa. Mwisho wa mwezi nyumba ikatangazwa kuwa kituo cha mafunzo ya usalama, na mjane akaombwa ahame mapema kidogo ili mapazia yake yasiwazibie watu mwanga.

Walihamia chumba cha uani kwa shemeji, yeye na binti. Kila Jumamosi mjane alirudi kumtazama mumewe. Getini palikuwa na askari na daftari la wageni. Penye "unamtembelea nani" aliandika: mume wangu. Askari, bila ubaya wowote, alikata na kuandika: mafunzo.

Shemeji alikuwa na rafiki fundi wa kuchomelea. Mjane alimwomba amtengenezee stendi mbili, miguu mitatu mitatu, chuma kizito. Fundi alizijaribu kwa kuzipandia, yeye na mkewe kwa pamoja. Jumamosi iliyofuata mjane alizibeba kwenye mfuko wa sokoni, bega limeinama. Askari akauliza kuna nini. Vyombo, akasema. Akaenda akaziweka juu ya zege, pale pale mkono unapopita, akarudi kusimama nyuma ya mabenchi.

Mkono ulinyooka, ukagusa chuma, ukatulia. Taratibu aligeuza shingo akatazama. Akavuta ya kwanza, akavuta ya pili, akaziweka pande zote mbili, akateremsha gari mpaka likazikalia, akalisukuma kwa bega mara mbili kuona kama litacheza. Halikucheza. Akaingia chini. Jeki ilikata pumzi kama kawaida yake, ikaanguka ubavu. Gari halikutikisika.

Baada ya dakika arobaini alitoka, mikono imejaa oili. Madereva walivuta miguu apate kupita. Alimwendea mkewe.

"Maji ya kunawa yapo?"

"Hapa si kwetu tena, mume wangu. Tupo kwa mdogo wako."

Aliitazama nyumba, madirisha yasiyo na mapazia. "Na mtoto?"

"Yupo naye. Anasoma."

"Basi nitanawa huko huko," akasema, akatoka getini kwa mwendo wake ule ule.

Mjane alimfuata, lakini askari akamtaka asaini kwanza muda wa kutoka. Alisaini. Alipofika barabarani, barabara ilikuwa imenyooka na tupu. Aliweka beseni la maji na sabuni mlangoni kwa shemeji, na maji yale yalikaa pale mpaka yakaingia nzi.

Jumamosi tatu zilipita bila marehemu kuonekana kituoni. Ya nne, asubuhi, dereva mgeni alileta barua. Iliandikwa kwamba marehemu ameondoka kazini bila taarifa na kuathiri ratiba ya huduma za magari, na kwamba jambo hilo limeingizwa kwenye jalada lake, chini ya uzembe. Stendi mbili zilizokutwa kituoni zilikuwa zimepigwa namba na kuwekwa bohari, nyuma ya viti.

Dereva alihitaji sahihi yake. Mjane alipokuwa akitafuta kalamu, yule kijana akamwambia kwamba kituo kimefungwa na nyumba ile sasa amepewa yeye, wamehamia juzi, mkewe ameipenda.

"Jeki wamekupa?" mjane akauliza.

"Wamenipa, mama. Nyekundu."

Alimkaribisha chai, mara mbili. Dereva alishukuru, akasema angekaa, ila saa kumi ana gari la kuinua.