Betri ya Pili ya Baba Queen

Mtu anayetafuta nyumba haweki betri ya pili kwenye gari. Nilimwambia hivyo mume wangu Anatoli palepale kwenye maegesho ya kanisa, Silver Spring, huku Marekani, Jumamosi asubuhi, boneti iko juu na yeye kainama na spana mkononi.

"Kwa hiyo tumeshahamia, Baba Queen? Hii Land Cruiser ndiyo nyumbani?"

"Ni kwa muda tu, mama."

Kwa muda! Tangu benki ichukue nyumba yetu kule Upper Marlboro, kila kitu kwake ni cha muda. Gari lenyewe tulilinunua enzi za kuringa, wakati kampuni ya ujenzi aliyokuwa akifanyia kazi haijafungwa. Sasa tulikuwa tunalala humo, viti vya nyuma vimelazwa. Mimi nilikuwa naoga Arlington, kwa bibi mmoja mgonjwa ninayemhudumia. Yeye alikuwa anaoga anapojua mwenyewe. Baridi ilikuwa imeanza, na tukiwasha taa na blanketi la umeme usiku, asubuhi gari haliwaki, nachelewa kazini, nagombezwa kama mtoto.

Ndiyo akaja na betri ya pili. Ile ya kwanza ibaki ya kuwashia injini tu, hii mpya ilishe taa, blanketi na chaja za simu, na katikati akafunga kifaa cha kuzitenganisha ili moja isiinyonye nyingine. Alinieleza huku anacheka, na kicheko hicho ndicho kilichonipandisha hasira. Simu za vyumba vya kupanga alikuwa ameacha kupiga, lakini waya wa betri aliupima mara mbilimbili kama fundi wa ikulu.

"Blanketi silitaki," nikamwambia. "Nataka chumba. Chumba kimoja chenye mlango, basi. Krismasi bweni linafungwa. Mtoto atalala wapi, juu ya boneti?"

Binti yetu Queen alikuwa chuo, Ohio, na hakujua lolote. Kila akipiga simu nilimwambia tupo tu, nyumbani kuzuri. Nilikuwa nimejiapiza kupata chumba kabla hajafunga chuo.

Anatoli hajanijibu, akatokea Cosmas, katibu wa jumuiya yetu ya Watanzania, mtu ambaye neno halilali kinywani mwake. Akachungulia injini.

"Eh, kaka! Betri mbili! Unajiandaa na safari ya nyumbani nini?"

Anatoli akafuta mikono taratibu. "Ndiyo, bwana. Naipakia melini mwezi ujao. Barabara za kwetu Kigoma si unazijua."

"Na usukani wa kushoto?"

"Si nitakuwa navuka Burundi na biashara zangu? Kule ndiyo upande wao."

Jamani, uongo ulimtoka laini, hata mimi karibu niamini. Cosmas akamkumbatia, akasema wenye akili ndio hao, wanaorudi wangali na nguvu. Nikamwona mume wangu anasimama wima kwa mara ya kwanza tangu tutolewe kwenye nyumba. Nikashindwa kumvua nguo mbele ya mtu.

Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya misa ya Kiswahili, tukaitwa ukumbini. Loo! Pilau, vigelegele, keki imeandikwa Safari Njema. Halafu ikaanza mizigo. "Kafurushi kadogo tu, dada, kwa mama yangu Kasulu." Viatu vya shule, dawa za presha, mablanketi, gauni la harusi, televisheni ya mtu. Ungekataaje? Gari kubwa hilo, na linakwenda hukohuko. Wanaume wakapakia wenyewe, wakasukuma hadi mlango ukafungwa kwa bega.

Vumilia, tunayeimba naye kwaya, akanivuta pembeni, machozi yanamtoka.

"Mama Queen, kumbe mna mipango yenu! Mwenzio nilisikia habari za nyumba, nikajifanya sijui nisikuaibishe. Nilikuwa nimewatengea besimenti yangu, ile sehemu ya chini ya nyumba, ina jiko na choo chake. Nilitaka nikuambie leo."

"Vumilia, sikiliza..."

"Cosmas aliponiambia mnaondoka, nikashukuru Mungu. Nimewapa wale Warundi wenye mtoto mchanga. Wameingia jana."

Akaninyooshea kidole. Candide, mama wa mtoto huyo, alikuwa kwenye meza ya keki, mtoto mgongoni. Akanipungia mkono. Sasa ningesema nini? Mtoeni huyo mtoto, tumedanganya?

"Umefanya vizuri," nikasema.

Walitusindikiza hadi garini, wakapiga picha. Tukaondoka tunapiga honi kama maharusi. Kwenye taa za barabarani Anatoli akauliza twende wapi. Hata kanisani hatukuwa na pa kurudi tena, maana tumeshaagwa, na mtu aliyeagwa akionekana dukani ananunua mkate atasema nini?

Tukaegesha nyuma ya duka moja upande wa Virginia, jua bado lipo. Nyuma hapakuwa na pa kuingiza hata mguu, mizigo ya watu imefika darini. Nikamwambia habari za besimenti. Akashuka, akafungua boneti, akakaa huko muda mrefu, kisha akarudi, macho mekundu.

"Inafanya kazi vizuri," akasema.

Nilimchukia, na nilimhurumia.

Simu yangu ikaita ikiwa kwenye chaja. Queen. Kwa Kiingereza chake cha haraka akaniuliza kama ni kweli tunahama, maana ametumiwa picha za keki. Kwa nini hatukumwambia? Nyumba tumemwachia nani? Na Krismasi yeye aje wapi?

Nikaomba simu izime. Kabla ya betri ya pili ingekuwa imeshazima zamani. Kitaa cha chaja kilikuwa kinawaka kijani, kimetulia, na mwanangu alikuwa bado anasubiri nimjibu.